Kapu la zawadi la kila mwezi: nani umwekee nini? (Dar na mikoani)

MLETA UZI

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Kila mwaka ukielekea ukingoni napokea simu za aina moja. Mtu ana mama, ana shangazi, ana mdogo wake yuko chuo, au rafiki yake amejifungua. Anataka amtumie zawadi kila mwezi kwa miezi kadhaa, ila hajui aweke nini. Kazi yangu ni kufungasha makapu na maboksi ya namna hiyo hapa Dar. Jina la biashara silitaji, sijaja kujitangaza. Nimekuja kwa sababu naumia nikiona hela ya mtu mwenye nia njema inaishia kula vumbi juu ya kabati la mtu mwingine.

Neno langu ni moja. Zawadi ya mara moja chagua kwa kinachompendeza mtu. Zawadi ya kila mwezi chagua kwa kinachomwishia. Kikombe kizuri kikija siku ya kuzaliwa, ni zawadi. Vikija vikombe miezi mitatu mfululizo, mwenye nyumba anaanza kutafuta wa kumgawia. Majani mazuri ya chai ya Mufindi au Rungwe yanaisha, na yakikaribia kuisha ndipo kapu la pili linapiga hodi. Hapo mtu anasema, huyu ananikumbuka kweli.

Wamarekani wana uzoefu wa karibu karne nzima wa mambo haya. Book-of-the-Month Club ilianza New York mwaka 1926, kitabu kinakuja kwa posta kila mwezi. Mwaka 2010, hukohuko New York, ikaanza Birchbox: sampuli za vipodozi ndani ya boksi kwa dola 10 kwa mwezi. Yakafuata maboksi ya kahawa, ya mbwa, ya watoto, ya chakula cha kupika. Lile la nyembe, Dollar Shave Club, lilinunuliwa na Unilever mwaka 2016 kwa kiasi kilichotajwa kuwa dola bilioni 1. Wembe ukitumika unaisha makali, na mwanaume hana namna, atahitaji mwingine. Sampuli ni jambo tofauti. Lengo lake ni mtu aonje, apende, kisha akanunue chupa kubwa. Ukimtumia dada yako wa Tandika sampuli za kitu ambacho Dar hakipatikani, au kinapatikana kwa bei asiyoiweza, umemwachia hamu tu.

Na hapa kwetu hili si geni. Mwenye maziwa anapita asubuhi, unamlipa mwisho wa mwezi. Ipo familia moja walimlipia baba yao gazeti la kila siku kwa muuza magazeti wa kituoni. Wanamlipa yeye moja kwa moja kila mwanzo wa mwezi, na gazeti linaachwa kwenye duka la jirani. Mzee amestaafu, ana nguo, ana simu, kila zawadi aliyoletewa alikuwa anasema "ya nini yote haya". Gazeti hajalisemea hivyo hata siku moja. Likichelewa anapiga simu.

Kabla sijagusa kapu nauliza maswali matatu. Kwake wanakula wangapi? Kuna ugonjwa gani nyumbani? Anasali wapi?

La wangapi linasahaulika sana. Watu wanaagiza "boksi la mama" kana kwamba mama anaishi peke yake. Korosho robo kilo kwenye nyumba ya watu wanane haziwezi kulala. Mama ataonja mbili, atafurahi kwa ajili ya wajukuu, na kapu limeishia hapo. Kama nyumba ni ya watu wengi, ama weka kitu cha wote chenye kujaa (mchele, maharage, sukari, mafuta), ama weka kile ambacho hakuna mwingine atakigusa: mafuta yake ya kuchua miguu, udi wake, chai yake ya mchaichai. Katikati hapo ndipo hela inapopotea.

La kusali ni la heshima. Msabato usimwekee kambale wala kitu chochote cha nguruwe, na wengi wao hawanywi kahawa wala chai ya majani, kwa hiyo lile boksi zuri la kahawa ya Kilimanjaro litakwenda kwa jirani. Muislamu, soma pakiti za peremende na jeli uone jelatini imetoka wapi. Kama haijaandikwa, acha. Ramadhani ikiingia badilisha kapu zima liwe la futari: tende, tambi, maharage, na pesa ya viazi na nazi. Kwa Mkatoliki anayefunga Kwaresima, dagaa na choroko zitathaminiwa kuliko soseji.

La ugonjwa nalileta kwenye wazee, maana ndio wanaotumiwa zaidi. Naomba mnipe muda, nakuja kuendelea.

MLETA UZI

Naendelea.

Wazee wengi tulionao wana presha, au sukari, au vyote viwili. Halafu orodha ninayoletewa ina juisi za boksi, biskuti za krimu, jamu, na chupa kubwa ya asali. Asali ya Tabora ni nzuri, naiuza na nyumbani naila, lakini kwa mgonjwa wa sukari ni sukari. Wapo wanaoamini haimdhuru kwa kuwa imetoka porini. Si kweli, na naomba tuliseme waziwazi kwa ndugu zetu. Mwenye presha mwondolee ng'onda, samaki wa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti vilivyojaa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijazi kijiko cha chai.

Badala yake ipo dona, upo ulezi, zipo choroko, njugu mawe, dagaa wa Kigoma wasiotiwa chumvi, majani ya chai na viungo vya kunukia. Mzee aliyekatazwa chumvi anakosa ladha, na viungo ndivyo vinavyomrudishia hamu ya kula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu viungo vibovu vimejaa sokoni.

Iliki usinunue ya unga. Chukua ganda moja, lipasue kwa ukucha. Mbegu za ndani ziwe nyeusi, zinanata kidogo kwenye vidole. Zikiwa zimepauka na zinapukutika, zimekaa dukani muda mrefu. Karafuu ibonyeze kichwani kwa ukucha uone kama inatoa mafuta. Njia nyingine, idondoshe kwenye glasi ya maji: iliyo nzuri inazama au inasimama wima, iliyokwisha kukamuliwa mafuta inalala juu ya maji. Muuzaji wa Kariakoo anayejiamini atakuruhusu ujaribu mbele yake. Nunua kidogo kidogo, ya mwezi mmoja tu. Uzuri wa kutuma kila mwezi ni kwamba harufu inamfikia mzee ikiwa bado mpya.

Jambo jingine la wazee ni mifuniko. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kufungua kopo lenye mfuniko wa kuzungusha kwa nguvu. Mwekee kopo lenye mfuniko mpana wa kubandua, au mfuko wa karatasi wa kukunja juu. Nimeshamwona bibi akimsubiri mjukuu atoke shule ndipo afunguliwe majani ya chai. Zawadi isimfikishe huko.

Aliyejifungua: huyu mnamwonea mara nyingi kwa kumjazia vitu vya mtoto wa wiki moja. Pampasi huandikwa kilo, hazifuati miezi. Uzito wa mtoto huongezeka maradufu anapokaribia miezi mitano, kwa hiyo saizi ndogo ziwe chache, na kila mwezi umuulize mama mtoto ana kilo ngapi kliniki. Kapu la mzazi liwe zaidi la mzazi mwenyewe: unga wa ulezi kwa uji, pilipili manga, samli, kuku wa kienyeji wa supu ukiweza kumfikisha, ndizi za mtori, na doti ya kanga kwenye lile la kwanza. Asali iandikie wazi kuwa ni ya mama tu. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyomlegeza mwili na kumletea shida ya kupumua. Maziwa ya kopo usiweke, labda mama mwenyewe aseme kaambiwa na daktari. Miezi 6 ya mwanzo ni ya ziwa la mama.

Wanafunzi nawapitia haraka. Shule nyingi za bweni hazipokei vifurushi vya chakula, na baadhi hazipokei kifurushi chochote nje ya siku ya wazazi. Ulizia shuleni kwanza. Sabuni, dawa ya meno, kalamu, na taulo za kike kwa wasichana ndivyo vinavyoisha. Wa chuo, karanga za kukaanga, unga wa uji na bando. Msichana wa bwenini aliyehakikishiwa taulo zake kila mwezi hakosi darasa kwa aibu, na hiyo nadhani ni zawadi kubwa kuliko nyingi nilizotaja.

MCHANGIAJI WA KIMARA

Dada mleta uzi, asante sana kwa somo. Mimi nataka kumtumia mama mkwe, yuko Tanga. Anapenda kanga sana, nilitaka nimpelekee doti moja kila mwezi kwa miezi sita. Inakuwaje?

MLETA UZI

Karibu mdogo wangu. Kanga kwa mkwe ni heshima kubwa na hujakosea kabisa kuifikiria. Ila kila mwezi ni nyingi. Weka doti kwenye kapu la kwanza na la mwisho, katikati weka vinavyoisha: sukari, majani ya chai, mchele wa Kyela, sabuni ya kuogea anayoipenda.

Na kanga yenyewe isome kabla ya kulipa. Ukivutiwa na rangi tu ukampelekea mama mkwe "Hasidi hana sababu", utakuwa na kazi ya kujieleza kwa mawifi mwaka mzima. Tafuta jina la dua au la shukrani. Ifunue doti yote dukani, usome maneno kwenye vipande vyote viwili, kisha mwombe mtu mzima akusomee, maana mafumbo mengine sisi wadogo tunayapita.

Kwa Tanga tuma kwa basi kutoka Mbezi Luis. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya mzigo kwa kalamu isiyofutika, na karatasi nyingine yenye maelezo hayohayo uiweke ndani. Risiti ipige picha umtumie yule atakayekwenda kupokea. Mama mkwe asiende mwenyewe stendi kubeba boksi.

MCHANGIAJI WA MBAGALA

Wakuu, mimi naona tunazunguka mbuyu. Mtumie mtu hela kwenye simu, yeye anajua shida zake. Makapu ni mambo ya wenye nazo.

MLETA UZI

Kaka, hoja yako ina uzito na siipingi yote. Kama mtu anadaiwa kodi ya nyumba au hana hela ya dawa, mtumie hela, tena leo. Kapu halilipi kodi.

Lakini tazama hela inavyomfikia mama. Inaingia kwenye simu asubuhi, na mchana imekutana na ada ya mjukuu, mchango wa harusi, marejesho ya kikoba na jirani aliyekwama. Akina mama wetu wengi hawawezi kushika hela wakajinunulia mafuta ya miguu huku mtu kasimama mlangoni ana shida. Kapu linafika likiwa limeshakuwa lake. Mama mmoja wa Temeke alimwambia binti yake, "Hiki hakuna wa kunikopa." Binti ndiye aliyenisimulia.

Njia ya kati ipo, hasa kijijini. Ongea na mwenye duka wa palepale, umlipe wewe kila mwanzo wa mwezi, mzee achukue vitu vya kiasi hicho. Nauli ya kutoka Dar hulipi, sukari haipasuki njiani, na mzee anachagua mwenyewe. Kama yupo mwenye duka mnayemwamini, hii nashauri kuliko kapu langu.

MCHANGIAJI WA TABATA

Naomba nichangie upande wa watoto. Wadogo zangu wawili tunawatumia boksi, mmoja miaka mitano mwingine minane. Midoli tuliacha, inavunjika ndani ya wiki. Siku hizi tunaweka kitabu cha hadithi cha Kiswahili, karatasi, rangi za kuchorea, na pakiti ya mbegu za mchicha pamoja na kopo la kuotesha. Mchicha ndio umewashika. Unaota ndani ya siku chache, wanaumwagilia kabla ya kwenda shule, na boksi linalofuata likifika wameshauchuma wakaula. Sasa wanataka bamia.

MLETA UZI

Nimefurahi kusoma hili. Marekani kuna kampuni inaitwa KiwiCo, tangu 2011 inatuma maboksi ya watoto ya kutengeneza vitu kwa mikono. Wazo ni hilihili: mtoto apate kitu cha kufanya. Nyie mmelipata kwa pakiti ya mbegu.

Naongeza moja tu. Kama nyumbani wapo watoto zaidi ya mmoja, boksi liandikwe jina la wote, na rangi ziwe seti mbili. Na bamia waambieni wawe na subira, itachukua kama miezi miwili, kwa hiyo katikati hapo wape kitu kingine.

MCHANGIAJI ALIYEKO UINGEREZA

Habari zenu. Mimi nipo Uingereza, mama yangu yuko Kinondoni. Huku naweka kadi mara moja inakatwa kila mwezi. Huko nafanyaje? Na je, niagize boksi la huku limfikie huko?

MLETA UZI

Salaam ndugu yetu. La pili kwanza: usiagize la huko. Mzigo kutoka nje unapita forodha, unaweza kutozwa kodi, na mama ndiye atakayeitwa kuufuata. Chokoleti ikisubiri kwenye joto la Dar la Januari itafika imeyeyuka. Kahawa ya Mbozi, ya Mbinga au ya Kilimanjaro inakaangwa hapahapa, mama ainywe ikiwa mpya. Ila uliza kama ana kinu cha kusagia kabla hujamtumia buni nzima.

Malipo: wauzaji wengi wadogo hawana mtindo wa kukata kadi yenyewe. Wanapokea kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, kila mwezi unatuma. Ushauri wangu ni ulipe mwezi mmoja, uone kilichofika, kisha ulipe miwili miwili. Mwaka mzima usimlipe mtu mapema, hata awe mwaminifu vipi. Bei ya mchele na mafuta inapanda na kushuka, na atakayefinywa ni mama yako kwenye ujazo wa kapu. Mwombe mama apige picha kapu likiwa limefunguliwa, vitu vyote mezani. Mfungashaji mzuri haudhiki na hilo.

Anwani: tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, iandike. Lakini dereva wa bodaboda bado atataka "nyuma ya msikiti, geti la bluu", kwa hiyo andika vyote. Namba ya simu weka ya mtu anayeshinda nyumbani.

Na kuna jambo kubwa ambalo watu wa mbali hawalifikirii. Mwambie mama zawadi itakuja miezi mingapi. Iandikeni kwenye kikadi kila mara: mwezi wa pili kati ya sita, mwezi wa tatu kati ya sita. Zawadi ya kila mwezi ikikatika kimya kimya, mama hasemi "muda umeisha". Anasema "nimemkosea nini mwanangu?" na anaweza kukaa na hilo moyoni bila kuuliza. Nimeshapigiwa simu na mama wa mteja akiuliza kwa sauti ya unyonge kama mwanawe ni mzima. Mteja alikuwa mzima kabisa, miezi aliyolipia ilikuwa imekwisha.

MCHANGIAJI WA KIGAMBONI

Mkuu, nina mchumba, nataka kumwekea boksi la vipodozi kila mwezi. Nianze na nini?

MLETA UZI

Anza kwa kutazama anachotumia sasa. Chupa zake zikikaribia kuisha, mletee zilezile. Ngozi ya mtu si ya kujaribia, na ukimletea krimu ambayo hajaiomba anaweza kuelewa kwamba rangi yake hujaipenda. Krimu yoyote inayoahidi weupe wa haraka ikimbie. Nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, na zimepigwa marufuku nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango (TBS), kwa hiyo bidhaa isiyojulikana usajili wake, iache dukani.

Vya kutuma bila wasiwasi ni mafuta ya nazi safi, sabuni za mwani zinazotengenezwa na akina mama wa Zanzibar, udi na asumini kama ni mpenzi wa hayo. Marashi ya chupa akuchagulie mwenyewe.

MCHANGIAJI WA ILALA

Shikamoo dada. Samahani kwa kuingiza jambo la huzuni. Rafiki yangu amefiwa na mume mwezi uliopita, ana watoto watatu. Rambirambi tulitoa. Je, kumtumia kapu kila mwezi si kumkumbusha msiba?

MLETA UZI

Marahaba mdogo wangu, na mpe pole zangu. Uliza bila samahani. Ningetamani makapu yote ninayofunga yawe ya namna hii.

Siku za msiba nyumba inajaa. Unga upo, mchele upo, wapishi wapo, turubai lipo. Matanga yakianuliwa kila mtu anarudi kwake. Mwezi wa pili, wa tatu, ndipo mjane anaamka na kukuta gesi imeisha na watoto wanataka sare, na simu za pole zimekwisha kupigwa. Kumkumbusha hutamkumbusha, kwa sababu hajasahau. Utamwonyesha kwamba na nyie hamjasahau.

Usiweke vitu vya kifahari wala kikadi kirefu. Weka sukari, unga, mafuta, maharage, sabuni ya kufulia, daftari za watoto. Gesi mjazie mtungi. Umeme, mwombe namba ya mita umtumie tokeni za Luku, zitamfikia hata siku ambayo hana nguvu ya kupokea mgeni. Marafiki mkiwa kadhaa, gawaneni miezi, kila mmoja na wake, na mmoja wenu awe na orodha ili msiruke mwezi wala kurundika mawili pamoja. Muda uwe mrefu, mwaka mkiweza. Na anayepeleka asikabidhi mlangoni na kuondoka. Akae, anywe chai, azungumze na watoto.

MCHANGIAJI WA ILALA

Asante sana dada. Tupo sita, nitawaambia leo.

MCHANGIAJI WA SINZA

Na kaka yangu anayekaa peke yake, anakula chipsi kila siku?

MLETA UZI

Mtumie kapu la sokoni la kila wiki, kwa sababu nyanya hazingoji mwezi. Nyanya, vitunguu, karoti, hoho, mboga ya majani iliyochambuliwa na kukatwa tayari. Kama hajui kupika, mboga zisizokatwa zitaozea kwenye friji. Jaribu mwezi mmoja. Akiwa bado anakula chipsi, geuza liwe la mayai, mkate, ndizi na karanga.

MCHANGIAJI ALIYEKO UINGEREZA

Nimerudi. Mama ana presha, anaishi na mdogo wangu na wajukuu wawili. Bajeti yangu ni 60,000 kwa mwezi, miezi sita kuanzia Machi. Nimeandika hivi: kikapu cha ukili kila mwezi, mchele kilo tano, choroko, majani ya chai, iliki, siagi ya karanga, biskuti za watoto, ng'onda kwa sababu anaipenda. Nikosoe tafadhali.

MLETA UZI

Umeandika vizuri. Narekebisha machache.

Kikapu cha ukili kiwe cha mwezi wa kwanza tu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kikapu kizuri ni kitu cha kila siku, mama ataenda nacho sokoni, lakini sita ataviweka wapi? Miezi mingine tumia boksi la kawaida, na hela iliyobaki iongeze kwenye mafuta ya kupikia.

Ng'onda toa, pole. Weka dagaa wasiotiwa chumvi, na limao na pilipili manga za kuwakaangia. Siagi ya karanga soma kopo, chagua isiyoongezwa chumvi wala sukari. Biskuti za wajukuu acha, ila ziwe kwenye mfuko wao wenye majina yao.

Machi mpaka Mei ni masika. Mchele na choroko viende kwenye makopo yenye mfuniko, kwa maana unyevu ukiingia fukusi nao wanaingia. Majani ya chai yafungwe mara mbili. Mwambie mfungashaji apeleke asubuhi, na siku barabara ya pale Jangwani ikiwa imejaa maji asubiri kesho yake badala ya kumsukuma kijana wa bodaboda apite kwenye mafuriko.

Mwezi wa tatu ukiisha, mpigie mdogo wako, usimpigie mama, umuulize nini kimebaki kabatini. Mama atakwambia vyote vizuri. Mdogo wako atakwambia choroko bado zipo kilo mbili, na hapo utajua la mwezi wa nne liweje.